BARUA YA WAZI: Watoto hawa mlijua wanakuja, madarasa yako wapi?

Kwa:
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,
Ndugu Afisa Elimu Awali na Msingi,
Waheshimiwa Madiwani wote wa Baraza letu,
Mkoa wa Mbeya.

YAH: MRUNDIKANO WA WATOTO KWENYE SHULE YA MSINGI YA KATA YETU

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima zote, shikamooni kwa walionizidi umri na poleni na kazi wote.

Mimi ni mzazi tu, nafanya biashara ya viazi na mahindi, nina watoto wawili wanasoma shule ya msingi ya serikali huku pembezoni mwa mji, upande ule ambao zamani ulikuwa mashamba matupu na sasa hivi ni nyumba mpaka kule juu mlimani. Jina la shule silitaji, najua nikilitaja kitakachofata ni mwalimu mkuu kuitwa aulizwe nani katoa maneno nje, na yule mwalimu hana kosa lolote, anahangaika kuliko sisi wote. Nyinyi shule mnaijua, barua zake mnazo.

Naandika hadharani kwasababu njia za ndani tumezimaliza. Tulianza kwenye kamati ya shule, tukaenda kwa mtendaji wa kata, Afisa Elimu Kata akatusikiliza vizuri tu ila akasema liko juu ya uwezo wake, tukapeleka barua halmashauri ikagongwa muhuri wa kupokelewa na nakala tunayo mpaka leo. Tukaambiwa linafanyiwa kazi. Akaja mtu akapiga picha madarasa kwa simu, akaandika andika, akaondoka, na Januari ikaingia na watoto wengine wapya juu ya wale wale.

Kabla sijaanza kuorodhesha naomba niseme jambo moja ambalo ndio limenifanya nishike simu usiku huu niandike. Mtoto anayeanza darasa la kwanza sio mgeni wa ghafla. Amezaliwa kwenye kituo cha afya cha serikali, akapewa kadi ya kliniki, akachomwa chanjo ya surua akiwa na miezi tisa na akarudi tena akiwa na mwaka na nusu, jina lake liko kwenye daftari la nesi wa halmashauri hii hii. Miaka sita baadae ndio anakuja kuandikishwa shule. Yaani kwa kila mtoto mmoja mnapewa taarifa miaka sita kabla, na juu ya hapo ikaja sensa ya 2022 wakapita nyumba kwa nyumba wakatuhesabu wote. Jiji la Mbeya peke yake sensa ya 2012 lilikuwa na watu 385,279 na ya 2022 likafika 541,603, hao watu walioongezeka hawakuhamia mjini kati, wamejenga huku pembeni ambako viwanja vilikuwa bei rahisi, kuanzia Uyole na Nsalaga mpaka Iwambi, na wamezaa huku. Kwahiyo mkisema mmezidiwa na idadi mimi nashindwa kuelewa mmezidiwaje na idadi mliyokuwa nayo mkononi.

Sasa malalamiko yetu ni haya.

1. Darasani hakufundishiki.

Utaratibu wa serikali yenyewe unasema shule ya msingi chumba kimoja watoto 45. Darasa la kwanza la mwanangu wanapita 150 kwenye chumba kimoja. Kwenye makaratasi imeandikwa mikondo, A na B na C, lakini chumba ni hicho kimoja. Dawati la watoto watatu wanakaa watano, wa pembeni nusu ya mwili iko nje, wakianza kuandika viwiko vinagongana, na wale wa mbele wanakaa chini kwenye saruji kabisa na ubao wanauangalia kwa kuinua shingo. Nyinyi ni watu wa Mbeya mnajua saruji ya mwezi wa sita na wa saba ikoje asubuhi.

Pigeni hesabu na mimi. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Watoto 150, hata mwalimu asipofundisha chochote akawa anapita tu kwa kila mmoja, kila mtoto anapata sekunde 12. Ndani ya hizo 12 amwangalie alivyoshika penseli, amsikilize anavyosoma "ba be bi", amrekebishe. Hapo ni mtoto wa miaka sita ambae nyumbani wengine hawana hata kitabu kimoja cha kuangalia. Alafu madaftari, akitumia dakika moja kwa kila daftari ni masaa mawili na nusu kwa somo moja tu la siku moja. Mwanangu kaja nyumbani kaandika herufi zimegeuka nyuma mbele na zina tiki nyekundu zote, sikumlaumu mwalimu hata kidogo, hakuna binadamu anaeweza kusoma madaftari yale akayamaliza.

Matokeo yake tunayaona huku mtaani. Watoto wako darasa la tatu ukimpa sms akusomee anakariri, anaangalia sura yako ajue kapatia au kakosea. Mtoto huyo mwakani anakutana na upimaji wa taifa wa darasa la nne, akishindwa anarudishwa kurudia darasa, anaongezeka kwenye chumba ambacho tayari kimejaa. Mrundikano unazaa mrundikano mwingine. Na wale wenye akili sana wanajikuta wamekaa nyuma kabisa hawasikii, wanaanza kucheza, wanaitwa watundu.

2. Vyoo.

Tundu moja wasichana 20, tundu moja wavulana 25, ndio mwongozo wenu. Hapo shuleni mapumziko ya saa nne foleni ya wasichana inazunguka jengo na kengele inalia wengine hawajaingia. Wasichana wa darasa la sita na la saba ambao wameshavunja ungo wakiwa kwenye siku zao wanabaki nyumbani, mama zao wanajua, walimu wa kike wanajua, daftari la mahudhurio linaonyesha. Hilo sitalirefusha, linajieleza.

3. Afya.

Chumba chenye watoto wengi hivyo kwenye baridi yetu kinafungwa. Madirisha ni nondo bila vioo, wanaziba kwa maturubai na maboksi ili upepo usiingie, kwahiyo watoto wanavuta pumzi ile ile kuanzia asubuhi. Kifua kikuu kinasambaa kwa hewa kwenye vyumba vya namna hii, hilo wataalamu wenu wa afya wanalifundisha kila siku pale kliniki. Macho mekundu yalivyoingia nchini Januari 2024 kila mtu aliona jinsi sehemu za msongamano zinavyoambukizana haraka. Mapunye kichwani ndio usiseme, ukimtibu mtoto wiki hii wiki ijayo anayo tena sababu vichwa vinagusana kutwa nzima.

4. Zamu mbili na barabara.

Hili ndio linaninyima usingizi. Vyumba vilivyokuwa havitoshi shule ikaanza zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Kwa mwalimu mkuu ilikuwa busara, angefanya nini. Lakini zamu ya mchana inatoka jioni kabisa, na watoto wetu nusu wanakaa ng'ambo ya barabara kuu ya Tunduma. Ile barabara mnaijua, ndio inabeba malori yote ya Zambia na Kongo, usiku na mchana, na milima yetu hii lori likifeli breki halichagui. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua zetu zinapiga mchana, ukungu unashuka, jioni kiza kinaingia mapema, na katoto ka miaka nane kanasubiri malori yapite kavuke kurudi nyumbani. Wazazi wanaoweza wanaenda kuwavusha. Ila mama anaeuza ndizi sokoni Mwanjelwa mpaka usiku anamvusha nani? Dada wa miaka kumi ndio anamvusha mdogo wake wa saba.

Tumeomba shule ng'ambo ile kwa muda mrefu sana, hata kwa kuanza na shule shikizi, yaani tawi dogo la shule mama, ya madarasa ya chini tu ili wadogo wasivuke.

5. Mwaka 2028.

Naomba hapa msome taratibu sababu bado kuna muda. Kwa sera mpya ya elimu, Sera ya 2014 toleo la 2023, shule ya msingi inakuwa miaka sita. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 na walioanza nao ni pamoja na darasa la tatu la mwaka ule, hao wanamaliza la sita mwaka 2027. Na waliokuwa darasa la nne 2024 wako kwenye mtaala wa zamani, wanamaliza la saba mwaka huo huo 2027. Maana yake Januari 2028 madarasa mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa mpigo mmoja. Sekondari ya kata yetu leo tu ule mwongozo wa watoto 40 kwa chumba wameshauvuka, sasa wakija mara mbili watakaa wapi? Sijasikia kwenye mkutano wowote wa kata mtu akilisemea hili. Pale msingi tumeambiwa tumewashtukiza, hapa hakuna atakaesema ameshtukizwa, tarehe iko kwenye sera.

Najua majibu yatakayokuja, mengine tumeshapewa, kwahiyo nayajibu hapa hapa.

Mtasema hela hakuna. Mwaka 2021 kwenye mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 wa UVIKO (korona) yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, na yalisimama ndani ya miezi michache tu, wakandarasi wa mtaani wakapata kazi, mafundi wetu wakala hela, watoto Januari 2022 wakaingia kidato cha kwanza bila ile habari ya kusubiri kuchaguliwa awamu ya pili. Tulishukuru na tunashukuru mpaka leo. Baada ya hapo ukaja mradi wa BOOST kwa upande wa msingi, kuna shule zimejengwa mpya nzuri kabisa na sisi tumeziona kwa macho. Kwahiyo inawezekana, na haraka inawezekana. Tunachouliza ni kigezo gani kilitumika sisi tukakosa wakati kwa idadi ya watoto sidhani kama kuna shule nyingi zinatuzidi. Na hela za ndani zipo pia, mimi mwenyewe kila gunia linalopita geti nalipia ushuru wa mazao, silalamiki kuulipa, nataka nione bati moja limetoka humo.

Mtasema ni matokeo ya elimu bila malipo. Waraka Namba 5 ulitoka 2015, utekelezaji ukaanza Januari 2016. Muongo mzima umepita, mtoto alieandikishwa darasa la kwanza ule mwaka ameshamaliza msingi na kuingia sekondari. Na nchi hii haikuwa mara ya kwanza kupata wimbi la watoto. Wazee wetu walilipata 1977 kwenye Elimu ya Msingi kwa Wote, walisoma chini ya miti. Ada ilivyofutwa tena 2001 likaja lingine, MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ikaanza 2002 watu wakafyatua tofali vijiji vizima. Kwahiyo uzoefu upo. Kuleta watoto wote shuleni lilikuwa jambo jema na mimi ni mmoja wa walionufaika, bila MMEM nisingesoma, baba yangu alikuwa hana hiyo ada. Naomba tu msifanye ionekane kama kosa ni kuwapeleka watoto shule.

Mtasema wazazi wachange. Tumechanga! Wananchi wa mtaa wetu walileta mawe, mchanga, tofali za kuchoma, akina mama walibeba maji kichwani, mafundi wakajitolea siku zao, tukainua boma la vyumba viwili mpaka lenta. Serikali imekuwa ikisema wananchi wakifikisha boma hapo yenyewe itamalizia kuezeka. Boma letu limesimama, mvua zimelinyeshea msimu baada ya msimu, tofali za juu zimeanza kulika na ndani majani yameota. Mkirudi kutuomba tena mchango mtu atauliza wa kwanza uko wapi na mimi sitakuwa na la kumjibu. Tunakumbuka pia Januari 2018 Rais wa wakati ule alipiga marufuku walimu kushika michango, ikabidi yote ipitie kwa mkurugenzi, sasa ikishapita huko juu na sisi kukaa gizani hamasa inakufa.

Mtasema wastani wa halmashauri nzima sio mbaya. Jibu hili tulipewa na kiongozi mmoja kwa upole tu, akatuonyesha na karatasi. Wastani unapatikana kwa kuchanganya shule yetu na shule za kule milimani ambako vijana wamehama na vyumba vina watoto ishirini na kitu. Mwanangu hasomei kwenye wastani, anasomea kwenye kile chumba, na mwalimu anaeingia kile chumba hasaidiwi chochote na viti vilivyo wazi kwenye kata nyingine.

Mtasema mwenye uwezo ampeleke inglishi midiamu. Wenye uwezo wameshawapeleka. Waliobaki ndio hawa.

Kuhusu walimu nigusie kidogo. Tunao vijana waliomaliza vyuo vya ualimu wako mtaani wanaendesha bajaji na wengine wanatusaidia kufundisha kwa kujitolea, tunawachangia vijisenti vya sabuni. Ajira za walimu zinatoka juu, hilo tunalijua hatuwabebeshi nyinyi. Lakini posho ndogo ya hawa wanaojitolea halmashauri inaweza, halmashauri nyingine zinafanya.

Tunachoomba, na tunaomba kwa maandishi ili mtujibu kwa maandishi:

Kwanza, lile boma liezekwe na kupigwa lipu kabla ya shule kufunguliwa Januari. Vyumba viwili havimalizi tatizo lakini darasa la kwanza litapumua.

Pili, eneo la shule ng'ambo ya barabara. Tunaambiwa liko kwenye mchoro wa mipango miji kama eneo la huduma, basi lipimwe, biconi ziwekwe na hati itoke kwa jina la halmashauri, sasa hivi, sababu watu wameshaanza kulima mahindi humo na mwakani wataanza msingi wa nyumba, alafu mtatuambia kuna fidia. Baada ya hapo shule shikizi ya awali mpaka la pili ianze hata na vyumba vitatu.

Tatu, idadi ya watoto kwa kila chumba kwa kila shule ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata zote, chumba kwa chumba, sio wastani. Tukiona kuna shule imezidiwa kuliko yetu basi wao watangulie, tutakubali, wallahi tutakubali, tutaenda hata kuwasaidia kuchimba msingi. Kinachouma ni kutojua foleni iko wapi na sisi ni wangapi kwenye hiyo foleni.

Nne, matundu ya vyoo vya wasichana, na kimoja kiwe na maji na sehemu ya kubadilisha.

Tano, mpango wa 2028 usomwe kwenye mikutano ya mitaa: watoto wangapi wanatarajiwa, vyumba vingapi vipo, vingapi vinakosekana, hela inatoka wapi. Hata kama kuna upungufu tuambiwe ukweli tuanze kufyatua tofali mapema, watu wa huku hawaogopi kazi.

Madiwani wetu, kwenu nyie nina neno la peke yake. Bajeti inapitia mikononi mwenu, hakuna mstari unaopita bila nyinyi kunyoosha mkono. Vikao vya Baraza ni vya wazi kwa mujibu wa sheria, mwananchi anaruhusiwa kukaa kusikiliza. Kikao kijacho cha bajeti tutakuja wazazi, tutakaa kimya kwa utaratibu, tutasikiliza mstari wa shule yetu kama upo. Kama haupo tutaomba diwani wetu asimame aulize kwanini, na majibu yatakayotolewa tutayaandika na kuyapeleka mtaani kama yalivyo.

Nasubiri majibu kupitia ofisi ya kata kabla ya kikao hicho. Ndaga fijo, yaani asanteni sana, kwa kunisikiliza.

Ni mimi,
Mzazi wa watoto wawili,
kwa niaba ya wazazi wenzangu wa mtaa,
Mbeya.

Nakala: Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mtendaji wa Kata, Mheshimiwa Mbunge wetu.